Kwa Nini Mtawala Hulegeza Kamba

Hotuba kwa walimu wa historia na vijana wa vyuo, Mombasa. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Wazee wangu, walimu wenzangu, kina mama mlioacha shughuli zenu mkaja, na nyinyi vijana mliojaa mpaka mlangoni: assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Naomba nianzie Kasarani, Nairobi, tarehe 3 Desemba 1991. Wajumbe wa KANU, chama tawala, kutoka kila pembe ya Kenya wamekusanyika. Msemaji mmoja baada ya mwingine anasimama kuulaani mfumo wa vyama vingi. Utaleta ukabila, wanasema. Utamwaga damu. Wanaoutaka ni vibaraka. Ukumbi unapiga makofi. Mwisho anasimama mwenyekiti wa chama, Rais Daniel arap Moi, na kuwaambia kwamba kifungu cha 2A cha katiba, kinachoifanya KANU kuwa chama pekee, kitafutwa na Wakenya watakuwa huru kuanzisha vyama vingine. Wajumbe wale wale, makofi hayajapoa mikononi, wakaupitisha uamuzi huo. Tarehe 10 Desemba Bunge likakifuta kifungu chenyewe.

Nini kilikuwa kimetokea? Julai 1990, miezi 17 tu kabla ya siku ile, Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini bila kushtakiwa kwa kudai jambo hili hili. Je, moyo wa Rais uligeuka? Hapana. Yeye mwenyewe hakudai hivyo. Aliendelea kusema, kabla na baada, kwamba vyama vingi vitawagawa Wakenya kwa makabila. Basi kwa nini alikubali?

Wanafunzi wangu hunipa jibu la mstari mmoja: wafadhili walikata misaada. Ni jibu linalopata alama kwenye mtihani. Tarehe 25 na 26 Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris, wakasimamisha misaada mipya kwa miezi sita, na wiki moja baadaye Moi akatangaza. Tarehe zinafuatana vizuri. Lakini jibu hilo, likiachwa peke yake, linawafuta watu wetu katika historia yao wenyewe, nami sikubali lifundishwe hivyo. Ndiyo maana nimekuja leo.

Ninachosema ni hiki. Mtawala wa mabavu hulegeza kamba pale anapoona kwamba kukataa kutamgharimu zaidi kuliko kukubali, na pale anapoamini kwamba hata akikubali bado anaweza kushinda. Mambo hayo mawili yakikutana, mageuzi huja. Muuza samaki pale Marikiti akishusha bei jioni, hakuwa mkarimu ghafla. Amehesabu saa zilizobaki na barafu iliyobaki. Na kwa sababu mageuzi huja kwa hesabu, siku yanapotangazwa ndiyo siku ya kuuliza: huyu bwana amebakiza nini mkononi?

Tuanze na pesa, maana sitaki mtu atoke hapa akisema mwalimu amezidharau pesa.

Nchi inayoonyesha nguvu ya pesa vizuri kuliko zote ni Benin. Mathieu Kérékou alichukua madaraka kwa mapinduzi mwaka 1972, akatangaza Umaksi kuwa njia ya taifa, akatawala kwa chama kimoja. Mwishoni mwa miaka ya themanini benki za serikali zilifilisika. Hebu fikiria maana yake. Mwalimu anamaliza mwezi, hapati mshahara. Anamaliza wa pili, hapati. Mfanyabiashara aliyeweka fedha zake benki anakuta hazipo. Mwaka 1989 walimu, wanafunzi na watumishi wa serikali wakagoma. Askari nao wana familia, nao wanataka mshahara. Mtawala wa mabavu hutawala kwa watu wanaolipwa: polisi, makarani, wakuu wa wilaya, wapiga ngoma wa chama. Asipokuwa na cha kuwalipa, amri zake zinabaki sauti tu.

Kérékou akaita mkutano wa taifa. Ulifanyika Cotonou, Februari 1990, ukiongozwa na Askofu Isidore de Souza. Kérékou alidhani ni mkutano wa kushauriana, watu waseme wapunguze hasira. Wajumbe walipokaa wakatangaza kwamba maamuzi yao ndiyo yatakayotawala nchi, na wakamchagua Nicéphore Soglo kuwa waziri mkuu. Kérékou alikuwa na jeshi. Angeweza kuwatimua. Lakini kuwatimua kungemletea nini? Hazina tupu, migomo, na Ufaransa isiyotaka tena kumbeba. Akakubali. Mwaka 1991 akashindwa uchaguzi na Soglo, akaondoka.

Na kuna jambo hapa ambalo wengi hulipita. Kérékou alipewa hakikisho kwamba hatashtakiwa. Waliokuwa wameteswa katika jela zake walilipokea kwa uchungu, na nani atawalaumu? Lakini mtawala akijua kwamba siku ya kutoka ikulu ndiyo siku ya kuingia jela, atapigana mpaka risasi ya mwisho ya askari wake. Mimi naamini Benin walifanya sawa. Kérékou alirudi madarakani mwaka 1996, safari hii kwa kura, na wananchi waliompa kura wangeweza kumnyima.

Sasa turudi Kenya. Kama pesa za wafadhili ndizo zilizoleta vyama vingi, kwa nini hazikukatwa mapema? Mwaka 1986 na 1987 watu walikuwa wakikamatwa kwa tuhuma za kuwa katika Mwakenya, kundi la siri la kuipinga serikali, wakiteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, katikati ya mji wa Nairobi. Halikuwa jambo la siri kwa waliotaka kujua. Amnesty International walichapisha ripoti mwaka 1987. Misaada iliendelea kuingia. Wakati huo dunia ilikuwa imegawanyika kambi mbili, na serikali iliyosimama upande wa Magharibi ilisamehewa mengi. Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989, msamaha huo ulikwisha. Hilo ni kweli.

Lakini hebu nijibuni. Mfadhili wa Paris, au wa London, au wa Washington, angekata misaada kwa ajili ya nchi iliyonyamaza? Angepata wapi sababu? Sababu aliitoa Mkenya aliyekataa kunyamaza. Na hapa nataka tukae kidogo.

Wangapi hapa wanaukumbuka mlolongo? Naona mikono ya wazee. Vijana, sikilizeni. Mwaka 1988, katika uchaguzi wa mchujo wa KANU, hapakuwa na karatasi wala sanduku. Mpiga kura alisimama kwenye foleni nyuma ya picha ya mtu anayemtaka, jua la utosi, chifu anamtazama, mwajiri wake anamtazama, jirani anamtazama. Ofisa akahesabu vichwa na kutangaza. Na palikuwa na mahali foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu. Watu walioona kwa macho yao waliambiwa hawakuona. Foleni ikishavunjwa, unahesabu upya nini? Hakuna karatasi hata moja iliyobaki ya kupeleka mahakamani. Na aliyepita asilimia 70 kwenye mchujo huo alihesabiwa amepita moja kwa moja, bila kura ya siri kufuata.

Ninasema bila kusita kwamba mlolongo ndio uliouharibu utawala wa chama kimoja nchini Kenya kuliko hotuba yoyote ya mpinzani. Kwa sababu udanganyifu wa sandukuni mtu huusikia kwa uvumi. Udanganyifu wa mlolongo kila mtu aliushuhudia mwenyewe, mchana kweupe, kijijini kwake. Mama aliyekuwa hana habari na katiba akajua ameibiwa.

Na serikali iliiba hata kwa watu wake. Matiba alikuwa waziri. Uchaguzi wa chama ulipochezewa kwao Murang'a, akajiuzulu Desemba 1988, jambo ambalo waziri wa Moi hakuwa akilifanya. Rubia, meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, alipoteza kiti chake cha bunge katika mlolongo ule ule. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tarehe 3 Mei 1990 watu hao wawili waliita waandishi wa habari na kudai vyama vingi vikubaliwe. Hawakuwa wanaharakati wa kutoka msituni. Walikuwa matajiri waliokaa ndani ya serikali, waliojua funguo zake zote. Wakubwa wakianza kugombana, mtawala hana uhakika tena ni nani atakayemtii kesho.

Kabla yao alisema mchungaji. Siku ya mwaka mpya wa 1990, Timothy Njoya alihubiri Nairobi kwamba yaliyozipata serikali za Ulaya ya Mashariki yatazifikia pia serikali za chama kimoja Afrika. Viongozi wa chama wakamshambulia, wengine wakataka akamatwe. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini akasema naye. Kwa nini viongozi wa dini? Kwa sababu mkutano wa siasa ulihitaji kibali cha polisi, lakini ibada ya Jumapili haikuhitaji. Palibaki mahali pamoja tu ambapo Wakenya wengi waliweza kukaa pamoja wakamsikiliza mtu asiyetumwa na chama.

Jambo hili hili lilitokea Malawi. Kamuzu Banda alikuwa rais wa maisha. Asiye na kadi ya chama alizuiwa sokoni na hata kwenye basi. Tarehe 8 Machi 1992 maaskofu Wakatoliki walisomesha waraka mmoja katika makanisa yote ya nchi, asubuhi moja. Waraka uliyataja yaliyojulikana na kila mtu bila kusemwa: shule mbovu, hospitali mbovu, watu kufungwa bila kesi, woga. Maaskofu wakahojiwa na polisi kwa saa nyingi, na kukutwa na waraka ule kukawa kosa. Lakini ungewakamata waumini wote waliousikia? Wanafunzi wakaandamana, wafanyakazi wa Blantyre wakagoma, na mwezi Mei mwaka huo wafadhili nao wakasimamisha misaada. Mnaona mpangilio? Waraka Machi, migomo, halafu wafadhili Mei. Juni 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 60 wakachagua vyama vingi.

Narudi kwetu. Saba Saba, 7 Julai 1990, uwanja wa Kamukunji. Matiba na Rubia tayari wako kizuizini. Mkutano umepigwa marufuku. Watu walikwenda. Ghasia zikaenea siku kadhaa, na watu wasiopungua 20 waliuawa. Ndugu zangu, hao ndio walioandika mstari wa kwanza wa tangazo la Kasarani.

Serikali ikajaribu kulegeza kidogo. Iliunda kamati chini ya Makamu wa Rais George Saitoti izunguke nchi ikisikiliza maoni kuhusu uchaguzi wa chama na nidhamu ndani ya chama. Ilikusudiwa watu watoe dukuduku, mambo yaishe. Lakini wananchi waliopewa kipaza sauti kwa mara ya kwanza waliyasema yote, mpaka muda ambao rais anapaswa kukaa madarakani. Desemba 1990 mlolongo ukafutwa. Chama kimoja kikabaki.

Halafu ikaja FORD, jumuiya ya kudai demokrasia irudishwe, Agosti 1991. Nawaomba walimu muwasimulie wanafunzi jinsi ilivyoanzishwa, maana kuna ujanja ndani yake. Sheria ilitaka jumuiya yenye watu 10 au zaidi isajiliwe na serikali, na kila mtu alijua serikali haitaisajili. Basi wakajitangaza wakiwa wachache kuliko hapo: Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge, na kutoka hapa hapa Mombasa, Ahmed Bamahriz. Wazee sita. Walitoka sehemu mbalimbali za nchi, ili isisemwe ni jambo la kabila fulani. Nasikitika kwamba vijana wengi wa mji huu hawalijui jina la Bamahriz.

Novemba 16 FORD wakaitisha mkutano Kamukunji. Serikali ikakataa kibali na kuwakamata viongozi. Watu wakajitokeza vivyo hivyo, wakatawanywa kwa nguvu, na dunia ikaona. Siku tisa baadaye wafadhili wakaketi Paris. Sasa nambieni, nani alimsukuma nani?

Hiyo ni gharama ya kukataa. Lakini nilisema kuna upande wa pili: mtawala lazima aamini kwamba akikubali bado ana nafasi. Asipoamini hivyo, hata gharama ikipanda namna gani, atashikilia.

Tanzania ndiyo mfano ulio wazi. Pale hapakuwa na Saba Saba. Mwalimu Nyerere, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, alianza mwaka 1990 kusema hadharani kwamba kuzungumzia vyama vingi si dhambi, na kwamba chama kisicho na mshindani kimelegea. Rais Ali Hassan Mwinyi akaunda tume mwaka 1991 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Tume ikazunguka bara na visiwani. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na 20 hivi walitaka vyama vingi. Na tume ikapendekeza vyama vingi! CCM ikakubali, na kuanzia Julai 1992 sheria ikaruhusu.

Watu huuliza, iliwezekanaje wachache washinde? Mimi naona hesabu ilikuwa hivi. Chama kinachopendwa na watu wanane katika kila kumi kina wakati gani mzuri wa kukubali ushindani kuliko huo? Ukisubiri mpaka wawe wanne, utafanya mageuzi ukiwa umezingirwa. Nyerere alikuwa ameona vyama vya Ulaya ya Mashariki vikingoja mpaka umati ukafika barabarani. CCM ilijipangia wakati, ilijiandikia kanuni, na mwaka 1995 Benjamin Mkapa akashinda urais kwa karibu asilimia 62. Simwondolei Mwalimu heshima yake kwa kusema hivi. Kiongozi anayeiona kesho mapema na kuwaepusha watu wake na damu anastahili heshima. Lakini heshima isituzuie kuona hesabu.

Kenneth Kaunda wa Zambia naye alihesabu, akakosea. Juni 1990 bei ya unga wa mahindi ilipanda maradufu, ghasia zikazuka, watu wakauawa. Siku chache baadaye ofisa wa jeshi, Mwamba Luchembe, alitangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa. Halikuwa kweli, alikamatwa baada ya saa chache. Ila katika saa hizo chache raia walimiminika barabarani wakishangilia. Kaunda aliyaona hayo. Kiongozi wa uhuru, baada ya miaka 26 madarakani, anagundua kwamba watu wake wanacheza ngoma wakisikia ameondolewa! Alikubali vyama vingi, bado akiamini wazee na vijiji havitamwacha. Oktoba 1991 alipata kama robo ya kura, na Frederick Chiluba akapata takriban robo tatu. Kaunda akampa mkono akaondoka. Kwa hilo, mimi humheshimu sana.

Na Moi? Moi alihesabu vizuri kuliko wote. Alijua wapinzani wake. FORD iligawanyika ikawa mbili, Matiba upande mmoja na Odinga upande mwingine, na Mwai Kibaki akiwa na chama chake cha DP. Desemba 1992 Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Wakenya karibu wawili katika kila watatu walimkataa, akarudi ikulu.

Sasa tufike kwenye lile swali langu: alibakiza nini mkononi?

Alibakiza jela. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, lakini wafungwa wa kisiasa walikuwa bado ndani. Mwisho wa Februari 1992 mama zao, wengi wao wazee waliotoka vijijini, walikaa kwenye kona ya Uhuru Park wakafunga kula, pamoja na Wangari Maathai. Walisema hawaondoki mpaka watoto wao waachiwe. Tarehe 3 Machi polisi wakawashambulia kwa marungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya mama hao wakavua nguo mbele ya askari. Kina mama mlioko hapa mnajua uzito wa jambo hilo, sihitaji kuueleza. Wangari alipigwa mpaka akapoteza fahamu. Wakahamia Kanisa la All Saints, wakakaa humo takriban mwaka mzima, na wafungwa wakaachiwa kidogo kidogo mpaka karibu wote wakawa nje. Haya yote, wanangu, yalitokea baada ya demokrasia kutangazwa. Baada!

Alibakiza usajili wa vyama. Hapa Mombasa mnalijua hili kuliko mtu yeyote. Mwaka 1992 chama cha IPK, yaani Islamic Party of Kenya, kilinyimwa usajili kwa hoja kwamba ni cha dini. Mtu anaweza kukubaliana na hoja hiyo au kuikataa, na najua humu ndani tumegawanyika. Lakini vijana wa mji huu walipambana na polisi barabarani mwaka ule, na Sheikh Khalid Balala akakamatwa, na hapakuwa na mahakama huru ya kuamua. Aliyeamua ni yule yule ambaye angeshindana na chama hicho kwenye kura.

Alibakiza sheria za mkoloni za kibali cha mikutano na za mamlaka ya machifu, na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Alibakiza tume ya uchaguzi aliyoiteua yeye. Sheria hizo zilirekebishwa mwaka 1997 tu, baada ya maandamano mengine, baada ya vifo vingine, baada ya polisi kuingia na marungu ndani ya lile lile Kanisa la All Saints. Na mwaka huo huo, Agosti, Likoni, hapa Mombasa, ikawaka kwa ghasia. Siwezi kusema mengi juu ya Likoni mbele ya watu waliovuka feri na watoto mgongoni. Nasema tu kwamba Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza ghasia za miaka ile na ikaandika juu ya mikono ya wanasiasa. Mtawala aliyelazimishwa kukubali kura anaweza kuifanya kura yenyewe iwe ghali kwa wapiga kura.

Tanzania nayo ilibakiza. Tume ya Nyalali ilitaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, na ikapendekeza katiba mpya iandikwe. Vyama vingi vilikubaliwa. Mengi ya hayo mengine yakangoja. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda mahakamani kudai mtu aruhusiwe kugombea bila chama. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa haki, na katiba ikabadilishwa ili kuizima hukumu hiyo. Mtikila hakuchoka. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, ikamwambia ana haki. Miaka karibu 20 kwa swali moja.

Na kwa ndugu zetu wa Kongo, Mobutu alibakiza karibu kila kitu. Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele, alitangaza mwisho wa chama kimoja huku akifuta machozi mbele ya watu. Wiki tatu hazijapita, usiku wa tarehe 11 Mei, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakavamiwa mabwenini. Vyama vikachipuka kwa mamia, vingine vikifadhiliwa na yeye mwenyewe, wapinzani wakachanganyikana, naye akabaki madarakani mpaka alipofukuzwa kwa bunduki mwaka 1997. Jeshi, hazina na walinzi wake havikuwahi kutoka mikononi mwake.

Mtu ataniuliza: kama mageuzi ni hesabu ya mtawala tu, yana faida gani? Swali zuri, na jibu langu ndilo linalonipa nguvu ya kuendelea kufundisha.

Mtawala huhesabu vizuri mambo ya kesho. Ya miaka 10 ijayo hawezi. Mwaka 1992, katikati ya mabadiliko yale ya katiba, iliingizwa kanuni kwamba rais atakaa vipindi viwili tu vya miaka mitano mitano. Vipindi vya Moi vikaanza kuhesabiwa upya, kwa hiyo kwake haikuwa na uchungu. Ilikuwa mbali. Pamoja nayo ilikuja kanuni kwamba mshindi wa urais lazima apate asilimia 25 ya kura katika mikoa isiyopungua mitano, iliyokusudiwa kuwabana wapinzani, na magazeti yalibishana zaidi juu ya hiyo. Hii ya vipindi viwili ilikaa kimya ndani ya katiba. Ikangoja. Mwaka 2002 ikafika. Moi alikuwa na nguvu, alikuwa na chama, alikuwa na fedha. Wapinzani waliungana nyuma ya Kibaki wakapata asilimia 62, na tarehe 30 Desemba Moi akakabidhi madaraka mbele ya umati wa Uhuru Park.

Chiluba naye alinaswa na kanuni ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2001 alitaka kipindi cha tatu. Wanasheria na makanisa ya Zambia wakaungana kumpinga, watu wakavaa utepe wa kijani na kupiga honi za magari, na wabunge wa chama chake mwenyewe wakagoma. Mwezi Mei akatangaza kwamba hatagombea.

Walimu wenzangu, nina ombi moja. Mkifika mwaka 1991 katika silabasi, msiishie kwenye kifungu cha 2A. Wapeni wanafunzi na yale mabadiliko ya 1992, wayasome neno kwa neno, waseme ni lipi liliwekwa kumlinda nani. Wapelekeni kwa wazee waliosimama kwenye mlolongo, wawarekodi kwa simu zao, maana wazee hao wanapungua. Na vijana, mabadiliko ya katiba au ya sheria ya uchaguzi yakiletwa mbele yenu leo, fanyeni kazi hiyo hiyo kabla ya kupiga makofi.

Nimemaliza. Kipaza sauti kianzie huku nyuma kwa vijana waliosimama, halafu kije mbele kwa wazee. Ulizeni.